Fundi aliyekataa kukata mfuniko kabla ya kuona vyombo vyangu

Nimekulia Raskazone, Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na nne nafundisha baiolojia Arusha. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Mwaka huu nikaamua kuwaletea kipande chake: tangi dogo la maji ya chumvi, likae kwanza sebuleni kwangu Sakina mpaka nilizoee, halafu ndipo nifikirie maabara ya shule. Ninayemwandika leo ni fundi wa vioo wa mtaa wa Unga Limited aliyenitengenezea tangi hilo. Kazi yake nimeipenda sana, na malalamiko yangu mawili nitayasema vilevile.

Duka halina kibao. Ni pale wanapokata vioo vya madirisha, na nje wameegemeza fremu za aluminiamu ukutani. Nilikwenda na mchoro wangu: urefu sentimita 60, upana 45, kimo 40. Nilidhani atapiga hesabu, anitajie bei, tumalizane.

"Shikamoo, mwalimu. Hili ni la sato au la mapambo?"

"Marahaba. Ni la maji ya bahari."

Akauangalia tena mchoro. "Basi huku juu hatuweki aluminiamu wala skrubu, chumvi itavila. Na mfuniko siukati leo. Niletee kwanza kila kitu kitakachoning'inia humo, nikipime mwenyewe."

Niliudhika, kwa sababu vyombo vyenyewe nilikuwa sijanunua. Lakini njiani kurudi nikaona ana haki. Chujio linaloning'inia mgongoni mwa tangi linahitaji nafasi yake kwenye mfuniko, waya wa hita unahitaji pa kupitia, na kioo kikishakatwa hakirefuki. Nikaketi na daftari nikapanga upya kuanzia mwanzo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mipango niliyokuwa nimeisoma imeandikwa kwa watu wa sehemu nyingine, si kwa mtu wa chini ya Mlima Meru.

Kwanza baridi. Viumbe wa mwambao wetu wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 26, na sebule yangu mwezi wa saba asubuhi husoma 17. Tangi langu linashika karibu lita 97 za maji. Badala ya hita moja kubwa nikanunua mbili za wati 75. Moja ikifa usiku, nyingine itazuia maji yasipoe ghafla. Na moja ikinasa ikakataa kuzima, peke yake haina nguvu ya kuwapika samaki. Hili la kunasa nalijua, maana hita ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilinasa siku ya pili nikiijaribu kwenye ndoo. Nilishukuru kwamba ilikuwa ndoo isiyo na samaki.

Pili ni mwinuko wetu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Maji yanashika oksijeni pungufu kwa uwiano huohuo, na maji ya chumvi hushika pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi hata kabla ya kuupanda mlima. Kwa hiyo nilichagua pampu ya kusukuma maji ya lita 1,200 kwa saa, ikielekea juu ili uso wa maji usitulie. Nilipomweleza fundi, akasema ataacha uwazi wa sentimita tano nyuma ya mfuniko, upana wote. Sikumwomba. Nimenunua pia pampu ndogo ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme ukikatika, maana tangi dogo halina akiba ya kusubiri kwa muda wa saa sita.

Tatu, maji yenyewe. Kila mwenyeji wa huku anajua habari ya floridi iliyozidi majini na meno ya kahawia inayoyaleta. Maji ya bomba siyatumii yalivyo. Ya mvua nayo, kwa bati langu kuukuu, sitaki, kwa sababu bati lina zinki, na konokono na kamba hawavumilii metali. Ya bomba nayachuja kwa mashine ya utando, ile inayotoa lita moja safi na kumwaga kama tatu. Hayo yanayomwagika yanaenda chooni. Kisha nachanganya chumvi maalumu ya akwariamu, kilo tatu na nusu hivi kwa tangi zima. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo, haina magnesi wala kalisi ya kutosha. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi majini, ndiyo inayoniambia kama nimefika uzito linganishi wa 1.025. Kila siku hukauka kama nusu lita, na ninachojazia ni maji matupu yaliyochujwa, kwani maji hupaa lakini chumvi hubaki.

Mawe nilileta kutoka Tanga: vipande vya ukuta wa zamani wa mjomba, yale mawe mepesi ya matumbawe ya kale waliyojengea watu wa pwani. Niliyaloweka wiki tatu nikibadilisha maji. Baharini sikung'oa hata kipande. Matumbawe ni wanyama walio hai, na hayo magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Sitaki kuwafundisha watoto bahari kwa kuiharibu.

Nikarudi Unga Limited na kikapu kizima. Fundi akatoa kila kitu, akakipanga juu ya gazeti, akapima chujio kwa utepe mara mbili, akaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kiganja cha mkono. Kioo alichotumia ni cha milimita 8. Kingo zote alizipiga msasa kwa maji mpaka nikapitisha kidole bila kuogopa. Kisha akabandika utepe wa karatasi pande zote mbili za kila kiungo, akasukuma silikoni ndani kwa mkupuo mmoja, akachovya kidole kwenye maji ya sabuni na kukiburuta kutoka juu hadi chini bila kusimama. Harufu ya siki ilijaa dukani. Alipong'oa utepe, mstari uliobaki ulikuwa umenyooka kama rula.

Hapa sasa malalamiko yangu. Silikoni ya kwanza aliyoileta kijana wake ilikuwa ya bafuni, yenye dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa tangi. Niliiona mimi kwa kusoma kopo, si wao. Fundi alikubali papo hapo akatuma iletwe silikoni tupu isiyo na dawa, lakini asiyejua kusoma kopo angerudi na tangi la kuua. Uliza kabla hawajafungua. La pili, aliniahidi siku tano, zikawa kumi na mbili, na simu yangu haikupokelewa siku mbili nzima.

Sehemu ya siku hizo, hata hivyo, ilikuwa kwa faida yangu. Silikoni ilipokauka alilijaza tangi maji, akaliweka juu ya magazeti makavu, likakaa siku tatu. Siku ya pili gazeti la pembe moja lilikuwa limejikunja, duara dogo tu, la ukubwa wa shilingi mia. Ningeweza nisilione. Alinionyesha yeye mwenyewe, akamwaga maji yote, akakwangua kiungo kile chote kwa wembe na kukijenga upya.

Nililipa shilingi 190,000 pamoja na mfuniko, nusu mwanzo na nusu mwisho. Risiti ni ya kuomba. Meza usimpe yeye, ana vyuma tu na chumvi itavitafuna. Yangu ameitengeneza seremala kwa mbao za saipresi, nikatandika sponji nyembamba juu. Iwe imara kwelikweli: maji, kioo, mawe na mchanga vinakaribia kilo 140.

Leo ni wiki ya sita tangu nitie maji. Nilianza kwa kamba mmoja mbichi aachwe aoze, ili bakteria wanaovunja sumu za uchafu wazaliane kabla ya samaki: amonia ikapanda, nitriti ikafuata, na siku ya Jumanne amonia na nitriti zote zilisoma sifuri. Chujio limekaa kwenye nafasi yake bila kutikisika. Tangi la maabara, la sentimita 90 kwa kimo cha 50, nimeshampa yeye alitengeneze. Ameniambia hilo ni la kioo cha milimita 10, na vyombo nimpelekee kwanza.