Jioni Herakali Alipozungumza Kiswahili: Tathmini ya Hafla Maalumu za Kongamano la Fasihi za Kale Jijini Nairobi

Ada ya usajili ya kongamano la mwaka huu la wanazuoni wa fasihi za kale, lililofanyika Nairobi kwa siku nne za mwezi wa Agosti, ilijumuisha mawasilisho yote, mkoba wa kitambaa, kalamu na chai ya saa nne. Haikujumuisha hafla maalumu, ambazo kila moja ilikuwa na tiketi na bei yake. Sikulalamika, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fasihi wa shule ya upili na huenda makongamanoni kwa ajili ya hafla hizo hasa: makala za wasomi nitazisoma zitakapochapishwa, lakini utenzi unaoghaniwa leo haunisubiri hadi kesho. Nilinunua tiketi nne. Mbili zilistahili kila shilingi niliyotoa, moja ilistahili nusu yake, na ya nne, nikirudishiwa pesa zangu leo, nitazipokea kwa mikono miwili.

Hafla ya kwanza ilikuwa usomaji wa jukwaani wa mchezo wa Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, kuhusu Edipode, mfalme wa Thebe anayemtafuta muuaji aliyeuletea mji wake tauni, kwa tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi iliyochapishwa mwaka 1971. Mtindo wenyewe umetoka ng'ambo. Chama cha wanazuoni wa Kigiriki na Kilatini cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1869, hukutana kila Januari pamoja na wanaakiolojia, na kamati yake ya uigizaji imezoea kuandaa mchezo ambao maprofesa wenyewe huusoma jukwaani wakiwa na makaratasi mkononi. Waandalizi wetu waliiga makaratasi, wakasahau uchangamfu. Aliyesoma maneno ya Edipode aliyasoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, na pale Tiresia, kipofu anayeona kuliko wenye macho, alipomwambia kwamba muuaji anayetafutwa ni yeye mwenyewe, ukumbi mzima ulinyamaza. Kasoro ilikuwa korasi, lile kundi linalosema kwa niaba ya watu wa mji. Katika Athens ya kale korasi ya Sophocles ilikuwa na watu 15 walioimba na kucheza. Yetu ilikuwa na wanafunzi sita walioketi kwenye viti vya plastiki wakisoma kwa pamoja mithili ya darasa la tatu likikariri jedwali la kuzidisha. Hapa Nairobi hatuna uhaba wa watu wanaojua kuongoza wimbo na kuuitikia. Kwaya ya kanisa lolote la mtaani ingepewa maneno yale na wiki mbili za mazoezi, watu wa Thebe wangelia tauni yao nasi tukasisimka.

Matembezi ya Jumamosi asubuhi katikati ya jiji sikuyatarajia makubwa, nayo yakanishangaza. Mada yake ilikuwa nguzo, yaani zile nguzo za mawe za mtindo wa Kigiriki na Kirumi ambazo wakazi wa Nairobi tunazipita kila siku bila kuziuliza chochote. Tulianzia Maktaba ya McMillan kwenye Barabara ya Banda, mbele ya wale simba wawili wa mawe, na mwongozaji wetu, ambaye ni msanifu majengo, akatuuliza swali moja tu: nguzo hizi zilikuwa zikimwambia nani nini? Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na kwa maelezo yake, dola ya Uingereza iliazima sura ya Roma ili ionekane kongwe na ya kudumu katika mji ambao wakati huo haukuwa umetimiza hata miaka 40. Mzee mmoja katika kundi letu alisema kwamba alipokuwa kijana alipita hapo mara nyingi akidhani ni kanisa, na kwamba hakuna aliyehitaji kumwambia asiingie. Msanifu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta. Kutoka hapo tulitembea hadi Mahakama ya Juu, jengo linalohusishwa na Herbert Baker, msanifu yuleyule wa majengo ya serikali ya Pretoria, na kufikia hapo nguzo zilikuwa zimeanza kuzungumza hata na sisi tusio na elimu ya usanifu. Tulianza kwa kuchelewa saa nzima, wala mwongozaji hakupewa kipaza sauti, hivyo waliokuwa nyuma walisikia zaidi honi za matatu kuliko historia. Hata hivyo ningeyarudia matembezi hayo kesho.

Hafla iliyonifanya niandike tathmini hii ni ya jioni ya siku ya tatu, saa kumi na moja, katika ua mdogo nyuma ya ukumbi mkuu, kwenye baridi ya Agosti ambayo wageni kutoka pwani waliikabili kwa makoti juu ya kanzu. Mghani kutoka Lamu alighani beti kama mia moja za Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728 na ambao una beti zaidi ya elfu moja. Mpinzani mkuu wa Waislamu katika utendi huo wa vita ni Herakali, naye si mwingine ila Heraclius, kaisari wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wa mashariki, aliyetawala kuanzia mwaka 610 hadi 641 na ambaye katika dola yake lugha ya utawala ilikuwa Kigiriki. Watu wanaosafiri mbali kutafuta Ugiriki katika fasihi ya Kiafrika wangeanzia hapa: kaisari wa Warumi, zaidi ya miaka elfu moja baada ya kufa kwake, anatishia na kujigamba kwa Kiswahili, katika vipande vya mizani nane, yaani silabi nane.

Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu umbo la utenzi kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba ubaoni umbo hilo huwa kama hesabu: vipande vinne, vitatu vya kwanza vyenye kina kimoja, na cha nne chenye kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Nilipousikia ukighaniwa nilielewa kwamba kile kipande cha nne ni gati. Sauti inaondoka, inapanda mara tatu, kisha inarudi palepale na kutia nanga. Profesa mmoja alimuuliza, “Mzee wetu, pumzi unaivuta wapi?” Akajibu, “Kwenye kina, Profesa. Ukiivuta katikati ya kipande, umemkata Herakali maneno.”

Baadaye mhadhiri mmoja wa Kigiriki alighani mistari ya mwanzo ya Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troya. Mghani alisikiliza akigonga goti kwa kidole, akapotea, akajaribu tena, kisha akauliza huyu naye anahesabu nini. Alielezwa kwamba Wagiriki hawakuhesabu idadi ya silabi bali urefu wake, ndefu na fupi, kiasi kwamba mstari mmoja wa Homer unaweza kuwa na silabi 12 na mwingine 17, na yote miwili ikawa sawa. “Basi hao wapima kwa pishi,” akasema, “sisi twahesabu nazi moja moja.” Katika siku nne za mawasilisho sikusikia maelezo mafupi na kamili zaidi ya hayo.

Lawama yangu hapa ni moja. Hatukupewa karatasi yenye matini, na hadhira ya Nairobi haiwezi kudhaniwa kuwa inaijua lahaja ya kaskazini. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa akinong'ona kuuliza “nti” ni nini na “mato” ni nini, nami nikiwa katikati ya kumjibu kwamba ni nchi na macho, ubeti mwingine ulikuwa umeshapita.

Kuhusu karamu ya usiku huohuo nitasema machache. Iliitwa ya Kirumi, tiketi yake iligharimu shilingi 4,500, na kwa bei hiyo sikumwona mwanafunzi hata mmoja. Tulivishwa mashada ya majani ya plastiki, tukahutubiwa na watu watano kabla ya chakula, kisha tukapangiwa foleni ya kuku baridi, viazi na kachumbari ya nyanya. Viazi na nyanya ni vitu ambavyo Kaisari hakuwahi kuvionja, kwa kuwa vilitoka Amerika karne nyingi baada yake. Pilau iliisha kabla meza za nyuma hazijaitwa.

Wakati wa karamu hiyo nilimuuliza mmoja wa waandalizi ni wapi ningeweza kupata kanda ya ghani ya jioni. Alinieleza kwa upole kwamba haikurekodiwa, kwa sababu mpiga picha alikuwa ameshatumwa ukumbini kuandaa taa za karamu. Kilichobaki kimo katika simu yangu, dakika 11, kisha betri iliisha Herakali akiwa bado hajayapanga majeshi yake.