Uzoefu wangu na Evennia: kujenga mchezo wa kuigiza kwa maandishi na kuishi na wachezaji wake

Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikiendesha mchezo mdogo wa kuigiza unaochezwa kwa maandishi matupu kupitia intaneti. Hauna picha wala sauti: mchezaji huingia, huvaa uhusika alioubuni, husoma maelezo ya mahali alipo, kisha huandika anachosema na anachotenda, na wenzake waliomo katika chumba kilekile humjibu kwa namna hiyohiyo. Ukoo wa michezo hii ni wa zamani. MUD, uliowapa jina wote waliofuata, ulianza kuandikwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw, baadaye akishirikiana na Richard Bartle, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza. Wa kwangu nimeujenga kwa Evennia, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2006 na inayotolewa bure kwa leseni ya BSD, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Tathmini hii ni ya programu hiyo, ingawa mengi nitakayoyasema yatawahusu watu wanaocheza ndani yake, kwa kuwa chombo cha aina hii hakipimiki bila wao.

Usakinishaji haukunisumbua. Anayeijua Python, lugha ya kuandikia programu, kiasi cha kuandika darasa (kiolezo cha msimbo) linalorithi kutoka darasa jingine ataunda folda ya mchezo kwa evennia --init, ataandaa hifadhidata kwa evennia migrate, atawasha seva kwa evennia start, na muda si mrefu atajikuta amesimama katika chumba kimoja kiitwacho Limbo. Hifadhidata ya kuanzia ni SQLite, iliyo nyepesi na hukaa katika faili moja, nayo inanitosha hadi leo kwa wachezaji wapatao 30, ambao kati yao 8 au 10 ndio huwamo jioni ya kawaida. Anayependa programu za Telnet, zinazounganika na seva kwa maandishi matupu, huingia kupitia poti (mlango wa seva wenye namba) 4000, na asiyezijua hutumia kivinjari kupitia poti 4001. Vyumba huchimbwa kutoka ndani ya mchezo wenyewe kwa amri ya dig, na ni rahisi mno kuvichimba: wiki ya kwanza nilichimba zaidi ya 100, jambo ninalolijutia, kwa sababu watu 8 wakitawanywa katika vyumba 100 hawakutani, na pasipo kukutana hakuna kuigiza. Nilifunga robo tatu ya mji wangu wa kubuni, nikabakiza soko, gati, nyumba ya wageni na vichochoro vichache, na jioni hiyohiyo watu wakaanza kuzungumza.

Sifa ya Evennia niliyoizoea hadi siwezi tena kuishi bila hiyo ni namna inavyojiwasha upya. Inaendeshwa na michakato miwili: Portal, unaoshikilia miunganisho ya wachezaji, na Server, unaobeba ulimwengu wenyewe pamoja na msimbo wangu. Nikirekebisha kosa na kuandika reload, Server huzimika na kuwaka upya huku Portal ukiendelea kuwashikilia watu, hivyo aliyekuwa katikati ya onyesho haoni zaidi ya tangazo fupi na kusita kidogo. Mchezaji anayelalamika kwamba mlango wa ghala haufunguki, kisha akauona ukifunguka dakika tano baadaye bila kutupwa nje ya mchezo, huanza kuamini kwamba malalamiko yake yana maana, na siku nyingine hurudi na malalamiko yaliyo bora zaidi. Lakini wepesi huo una kishawishi chake. Siku moja nilibadilisha kanuni ya majeraha wakati wahusika wawili wamo katika pigano; nilikuwa na hakika kwamba kanuni mpya ni ya haki zaidi, na huenda ilikuwa hivyo, ila yule ambaye kwa kanuni ya zamani angeshinda alijikuta chini akivuja damu, akaniandikia ujumbe mkali ambao sikuwa na jibu lake. Tangu hapo marekebisho ya makosa huingia papo hapo, lakini badiliko la kanuni hutangazwa siku tatu kabla.

Upande wa lugha ndiko kulikonitoa jasho. Evennia huunda majina ya vitu na idadi zake kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo kisu kimoja kikiwa mezani mchezo wangu ulisema “a kisu”, na vikiwa viwili ulisema “two kisus”. Ilinibidi niiandike upya njia iitwayo get_numbered_name na kukipa kila kitu umbo lake la umoja, la wingi na ngeli yake, kwa maana bila ngeli mashine haiwezi kujua kwamba visu ni viwili, machungwa ni mawili, mikeka ni miwili na taa ni mbili. Amri za msingi nazo nilizinakili moja baada ya nyingine na kuzipa majina ya Kiswahili: tazama, sema, chukua, toka. Ilikuwa kazi ya wiki tatu za jioni, lakini programu yenyewe haikunizuia popote. Karibu kila kitu ndani yake kimeandikwa kwa matarajio kwamba utakirithi na kukigeuza.

Nyongeza iitwayo rpsystem, inayokuja pamoja na Evennia lakini haiwashwi hadi uiwashe mwenyewe, ndiyo iliyobadilisha tabia za wachezaji wangu kuliko kanuni yoyote niliyoiandika. Inaondoa majina. Kila mhusika huonekana kwa maelezo mafupi aliyojichagulia, na jina lake hulijui hadi akutajie, nawe ukalihifadhi kwa amri ya recog. Kwa amri ya emote, inayoonyesha kitendo, /me ni mwandishi mwenyewe na mkwaju mwingine humwelekeza mtu aliyemo chumbani. Mchezaji akiandika emote /me anamsogezea /mzee kikombe cha maji, wengi chumbani watasoma: mwanamke mrefu aliyevaa kilemba anamsogezea mzee mwenye kovu shavuni kikombe cha maji, lakini aliyekwisha kumtambua mzee huyo ataliona jina lake mahali pa kovu. Kila msomaji anapata sentensi yake kulingana na anaowajua.

Kabla ya hapo marafiki waliofahamiana nje ya mchezo walikuwa wakiingia na kwenda moja kwa moja kwa wenzao, na mgeni alisimama sokoni akisalimia hewa. Baada ya majina kuondoka, hata marafiki hao walilazimika kutafutana, na katika kutafutana wakawa wanawauliza wageni. Sikutarajia hilo, nyongeza hiyo niliiweka kwa ajili ya ladha ya mchezo tu. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mtu mwenye nia mbaya naye hujificha nyuma ya maelezo, na nyongeza hiyo ina hata amri ya kuvaa barakoa. Kinachookoa hali ni kwamba Evennia hutenganisha akaunti na mhusika: akaunti ni mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, mhusika ni vazi lake, na onyo au marufuku yangu humfuata mtu hata avae vazi gani. Mgawanyo huo nimeutumia pia katika lugha ya kanuni zetu. Ugomvi wa wahusika ni mali ya mchezo na siugusi. Ugomvi wa akaunti huniita mimi.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, ambalo pia ndilo jambo ninalotaka anayefikiria kuitumia Evennia alijue mapema. Ruhusa zote katika programu hii huandikwa kama kufuli, yaani mistari mifupi inayosema nani aweze kupita, kuona au kuhariri kitu fulani, na ngazi za ruhusa hupanda kutoka Guest, Player, Helper, Builder na Admin hadi Developer. Juu ya ngazi hizo zote yupo mtumiaji mkuu, akaunti ya kwanza kabisa unayoiunda, na kwake kufuli hazifanyi kazi hata kidogo. Nyaraka zinalisema hilo wazi, nami nililisoma, kisha nikaendelea kucheza kila siku kwa akaunti hiyohiyo.

Nilikuwa nimejenga katika nyumba ya wageni vyumba vya faragha ambavyo mchezaji angeweza kuvifunga ili aigize na mwenzake bila watazamaji. Nikavijaribu, nikaona vinafanya kazi, nikawatangazia watu. Jioni moja mhusika wangu alipanda ngazi, akafungua mlango wa kwanza na kuingia katikati ya onyesho la watu wawili lililokuwa zito na la siri, ambalo walikuwa wamekubaliana kati yao tu. Sikuona kufuli, kwa sababu kwangu mimi haikuwapo. Niliomba radhi na kutoka, lakini swali lililofuata kwenye chaneli ya nje ya mchezo lilikuwa la haki kabisa: umeingia mara ngapi tusipokuona? Kuapa kwamba ilikuwa mara moja hakukuthibitisha kitu. Wawili hao hawakuonekana kwa wiki mbili, na wengine wanne waliacha kuvitumia vyumba vile.

Dawa ilikuwamo ndani ya programu siku zote. Amri ya quell humfanya mwenye madaraka apimwe kwa ruhusa za mhusika wake badala ya za akaunti yake, mpaka atakapoandika unquell. Hata hivyo sikuridhika na kitu ninachoweza kukisahau, nikafungua akaunti ya pili yenye ngazi ya Player, na hiyo ndiyo ninayochezea. Akaunti kuu sasa haina mhusika mjini, na kila inapoingia kwenye seva, msimbo wangu huandika tangazo kwenye chaneli ya wote. Siku ya kwanza ya kucheza kama mtu wa kawaida niligundua milango miwili iliyokuwa imefungwa kwa makosa tangu mwanzo, na maelezo ya msaada ya amri ya kuuza vitu ambayo wachezaji wa ngazi yangu mpya hawakuweza hata kuyasoma. Hakuna aliyewahi kuniambia. Walidhani ndivyo nilivyotaka.

Kuna waliotangulia kuhangaika na jambo hili kwa ukubwa zaidi. LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis katika maabara ya Xerox PARC, ulifika mahali ambapo wasimamizi wake, waliokuwa wakiitwa wachawi, mwaka 1992 walitangaza kwamba wanaacha kuamua magomvi ya wachezaji na watabaki mafundi tu. Mwaka 1993 mchezaji mmoja alitumia programu ndogo kuwafanya wahusika wa wengine waonekane wakitenda mambo ya kudhalilisha kingono. Jamii ilijadiliana bila kufikia uamuzi, hadi mchawi mmoja akaifuta akaunti ya mkosaji kwa uamuzi wake peke yake, na baada ya hapo ukaanzishwa utaratibu wa maombi na kura. Mwaka 1996 wachawi walikiri kwamba mstari kati ya ufundi na uamuzi wa kijamii haushikiki, wakarudi kazini. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara naona kwamba mwenye funguo hawezi kujifanya hana funguo. Anachoweza ni kuonyesha anapozitumia.

Kwa malalamiko, Evennia ina nyongeza ya mwaka 2024 iitwayo ingame_reports, inayowapa wachezaji amri za kuripoti hitilafu, kuripoti mchezaji mwenzao na kupeleka mapendekezo, na kumpa msimamizi menyu ya kuyashughulikia. Inafanya kazi vizuri, ila ripoti ni maneno ya mlalamikaji pekee. Chaneli huhifadhi kumbukumbu zake, lakini yanayosemwa vyumbani hayahifadhiwi, nami baada ya tukio la nyumba ya wageni sikuthubutu kupendekeza kurekodi kila kitu. Niliandika njia ya kati: seva hushikilia kwa muda mistari 40 ya mwisho ambayo kila mchezaji ameiona kwenye skrini yake, na mistari hiyo huambatanishwa na ripoti pale tu yeye mwenyewe anapoituma. Niliongeza pia amri ya simama, ambayo wazo lake limetoka kwenye michezo ya kuigiza ya mezani: yeyote akiiandika, onyesho linakoma, chumba kinaambiwa limekoma, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza sababu. Imetumika mara chache sana. Wachezaji kadhaa wameniambia kwamba wamethubutu kuigiza mambo mazito zaidi kwa kuwa wanajua ipo.

Kwa kuwa kila kitu ni maandishi, michezo hii huwavutia wachezaji wasioona, na Evennia ina mpangilio wa kisoma-skrini (programu inayowasomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini) unaoondoa mistari ya mapambo inayosomwa kwa sauti kama kelele. Ramani yangu ya mji, iliyochorwa kwa nyota na vistari, haikuokolewa na mpangilio huo. Niliibadilisha ikawa sentensi tatu zinazosema kipo nini upande gani, na wenye macho nao wakaacha kuulizia ramani.

Kosa jingine lilikuwa langu mia kwa mia. Nilitoa pointi kwa kila mstari wa uigizaji, na ndani ya wiki moja mhusika mmoja alipiga chafya kwa mistari sita. Nikahamia kwenye kura za wachezaji, marafiki wawili wakawa wanapigiana kila usiku. Sasa hakuna pointi, na hakuna aliyeziulizia.

Anayetaka mchezo ulio tayari, wenye silaha, madaraja na mazimwi yaliyokwisha kupangwa, atapoteza muda kwa Evennia. Humo atakuta vifaa tu, na kanuni zote ataziandika mwenyewe. Asiyependa Python naye atafute pengine. Kwa aliyebaki, ningemshauri kwamba siku anayofungua mchezo wake awe tayari na akaunti ya pili isiyo na cheo, na aitumie wiki nzima kabla ya kumwalika mtu wa kwanza. Vyumba vya faragha bado vipo juu ya nyumba ya wageni. Wale wawili walirudi, na mmoja wao ndiye aliyeandika maelezo mapya ya mlango: mbao nzito, komeo la ndani, na kibao kinachosema mwenye nyumba naye hubisha hodi.