Kakao ya Ghirardelli: pakiti zinazofanana, kazi tofauti

Kwenye rafu ya Ghirardelli, kampuni ya chokoleti ya Marekani, kuna pakiti zinazokaribiana sura, na anayechukua ya kwanza aliyoiona mara nyingi hubeba isiyofaa. Tuanze na yenye thamani kuliko zote: unga wa kakao usio na sukari. Ndio bidhaa inayostahili bei yake, na inaeleweka kwa nini, maana kampuni hii ya San Francisco ilikuzwa na unga kabla ya vile vipande vya kufunga kwenye karatasi ya kung'aa.

Mwanzilishi wake, Domenico Ghirardelli, alizaliwa mwaka 1817 Rapallo, karibu na Genova, na akajifunza kazi ya pipi na chokoleti angali kijana. Mwaka 1837 alihamia Uruguay, na muda si mrefu akawa na duka lake Lima, Peru, ambako jina lake liligeuzwa kuwa Domingo. Jirani yake huko alikuwa James Lick, Mmarekani aliyetengeneza piano. Lick alipohamia San Francisco mwanzoni mwa 1848 alibeba pauni 600 za chokoleti ya Ghirardelli, yaani kilo 270 na ushee, na zote zikapata wanunuzi. Mwenye chokoleti naye akafika California mwaka 1849, wakati wa kukimbilia dhahabu, akawauzia wachimbaji bidhaa mchanganyiko kule Stockton, kisha akafungua duka la pili San Francisco. Mei 1851 moto uliteketeza yote mawili. Mwaka uliofuata alikuwa na kampuni mpya.

Kilichomtofautisha na wenzake ni jambo lililotokea kiwandani kwake karibu na mwaka 1865. Kakao iliyosagwa ikitiwa mfukoni na kutundikwa katika chumba chenye joto, siagi ya kakao, yaani mafuta yake, huyeyuka na kudondoka yenyewe. Kinachobaki mfukoni ni makapi makavu yanayosagika kuwa unga. Njia hiyo iliitwa Broma. Mholanzi Van Houten alikuwa tayari na shinikizo la kukamua siagi tangu 1828, lakini mfuko haukuhitaji mashine ya gharama. Wakati huo unga usio na mafuta mengi ulikuwa na faida kubwa: hukaa muda mrefu bila kuchacha na huchanganyika na maziwa bila kuacha utando wa mafuta juu.

Sasa jikoni. Soma nyuma ya pakiti. Ikiandikwa kakao peke yake, ni ya asili: rangi ya kahawia iliyofifia, ladha yenye uchachu, na asidi ya kutosha kuamsha beking soda. Ikiandikwa kwamba imepitishwa kwenye alkali, ni ile ya Kiholanzi: nyeusi zaidi, ladha ya upole, lakini asidi imekwisha. Ghirardelli huuza aina zote mbili, na hapa ndipo keki nyingi huharibika. Ukitia ya Kiholanzi kwenye keki inayotegemea beking soda pekee, soda hukosa cha kupambana nacho. Keki hutoka imelala na ina ladha ya sabuni. Kama huna nyingine, ondoa nusu kijiko cha chai cha soda, weka kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya beking pauda. Keki yenye mtindi au maziwa mgando husamehe, kwa kuwa asidi inatoka huko.

Unga wa asili hutoa harufu yake yote ukiloweshwa kwanza. Mimina maji yanayotokota au kahawa nyeusi ya moto juu ya kakao, koroga mpaka uwe uji laini, uache upoe, ndipo uchanganye na mayai. Ukiwahi, mayai yataiva.

Pakiti ya unga mtamu wa chokoleti ni kitu kingine kabisa, japo wengi huichukua wakidhani ni kakao. Kiungo cha kwanza kwenye orodha ni sukari. Kwa kinywaji ni nzuri: vijiko viwili vikubwa kwa kikombe cha maziwa. Changanya kwanza na maziwa kidogo ya vuguvugu hadi mabonge yaishe, ongeza yaliyobaki, pasha mpaka mvuke uanze, usiache yachemke. Kuitumia kuokea badala ya kakao ni kuharibu mapishi, maana sukari inazidi na kakao inapungua kwa wakati mmoja.

Chipsi nyeusi za asilimia 60 ni nzuri kwa biskuti na brauni, tamu kiasi bila kuchosha. Kwa kuyeyusha na kufunika keki, afadhali chokoleti ya mche, kwani chipsi hutengenezwa zishike umbo kwenye oveni na zikiyeyuka hubaki nzito. Yeyusha juu ya mvuke, chokoleti isizidi nyuzi 50 za Selsiasi, na bakuli liwe kavu kabisa. Tone moja la maji hufanya chokoleti ikakamae kama udongo. Ikishatokea, usiimwage, ongeza krimu ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga na uitumie kama mchuzi. Ukitaka ing'ae na kukatika kwa mlio, ishushe hadi nyuzi 27 au 28, kisha ipandishe mpaka 31 au 32 kabla ya kuchovya.

Chipsi nyeupe tungeziacha dukani. Pakiti haiziiti chokoleti nyeupe, na sababu iko kwenye viungo: badala ya siagi ya kakao kuna mafuta ya mawese. Hazilainiki sawasawa zikipashwa, na mdomoni huacha utando.

Kampuni yenyewe imekuwa mikononi mwa Lindt ya Uswisi tangu 1998, na kiwanda kilishahamia San Leandro. Ghirardelli Square ya San Francisco, eneo ambalo wana wa Domenico walilinunua 1893, sasa ni maduka na migahawa. Aiskrimu yake yenye mchuzi moto wa chokoleti ni nzuri, ila nenda asubuhi: mchana foleni hutoka nje ya mlango.