Kokpiti ya mabomba ya chuma kando ya bahari: uzoefu wangu

Kilichonifanya ninunue kokpiti, yaani fremu yenye kiti ya kufungia usukani na pedali za michezo ya video ya magari, ni penseli. Niliibandika kwa selotepu kwenye bamba la pedali, ncha yake ikigusa kadibodi niliyoiegemeza ukutani, kisha nikakaa na kukanyaga breki kama ninavyokanyaga nikiwa kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, ndani ya mchezo wa Assetto Corsa Competizione. Nilipoinuka kutazama, penseli ilikuwa imechora mstari wa milimita 14. Yaani kila nilipofunga breki pedali zilinikimbia zaidi ya sentimita moja, na mguu ulikuwa unapima kupinda kwa fremu, si breki.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Malindi. Msimu ukiwa mzuri napeleka wageni Tsavo Mashariki kwa lango la Sala. Masika yakianza wageni hupungua, na jioni zangu huwa za simuleta. Marehemu baba alikuwa mtu wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, jina la dereva Shekhar Mehta na ushindi wake mara tano halikumtoka mdomoni, na mimi mapenzi hayo nimeyarithi yote. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 nilifuatilia siku zote nne bila kukosa. EA Sports WRC, mchezo wa mashindano hayo, ilipotoka mwaka 2023 ikiwa na barabara za Kenya ndani yake, niliweka pesa kando kila mwezi hadi nikaipata.

Fremu yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kukunja, kiti chake kitambaa kilichotandazwa juu ya vyuma vyembamba. Siisemi vibaya. Nilikuwa na usukani wa Logitech G29, ambao nguvu yake ya kuzunguka ni kama nyutoni-mita 2 tu, na kwa usukani huo fremu ilitosha kabisa. Mambo yaligeuka nilipobadilisha vifaa. Nilichukua Moza R5, ambayo usukani wake umefungwa moja kwa moja kwenye mota na hutoa nyutoni-mita 5.5, pamoja na pedali za breki ya loadseli. Breki hiyo haijali pedali imesogea umbali gani. Inapima uzito unaoukandamiza. Mguu unazoea uzito, kilo 30 hapa, kilo 45 pale, na ukishazoea unafunga breki mahali palepale mzunguko baada ya mzunguko. Lakini fremu ikiyumba, mazoea hayo hayajengeki. Kiti nacho kilikuwa kinateleza nyuma kwenye sakafu ya saruji, nikawa nakisukuma ukutani kabla ya kuanza.

Nilikuwa na njia tatu. Rafiki yangu wa Nyali ana kokpiti ya profaili za alumini, yaani nguzo nene zenye mifereji, zile za milimita 40 kwa 80, na nilikaa humo jioni nzima. Haitikisiki. Wengi hudhani alumini ni ngumu kuliko chuma, lakini kwa umbo na unene uleule chuma hukataa kupinda karibu mara tatu zaidi. Profaili zinashinda kwa sababu ni nene. Kilichonirudisha nyuma ni bei, na nati zake. Profaili hufungwa kwa nati maalumu zinazoingia kwenye mfereji wa alumini, na ukipoteza moja hapa Malindi hutaipata duka lolote.

Njia ya pili ilikuwa kuunda. Nilimwendea fundi wa kuchomelea, mzee aliyetengeneza geti la nyumbani kwetu, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alizikuza kwa vidole, akazitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, mabomba ninayo na kupinda naweza. Lakini ukitaka kiti kiende mbele na nyuma nusu inchi nusu inchi, na usukani ukae sawa bila kwenda upande, nipatie kimoja nikishike kwanza." Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Basi nikashika njia ya tatu: kokpiti ya dukani ya mabomba ya chuma, iliyokwisha tumika, niliyoipata Mombasa kwa shilingi 58,000 pamoja na kiti. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona kwenye moja tu, tena ya mkono wa pili.

Kabla ya kulipa nilikagua mambo mawili kwa makini. La kwanza ni kipenyo. Macho hudanganywa na rangi nyeusi inayong'aa, kwa hiyo nilikwenda na futi ya fundi cherehani nikaizungusha kwenye bomba, nikagawanya kwa 3.14. Zipo kokpiti za bomba la inchi moja na nusu, na zipo za inchi mbili. Ukisikia tofauti ya nusu inchi utaidharau, lakini kwa ukuta wa unene uleule bomba la inchi mbili hukataa kupinda zaidi ya mara mbili ya lile jembamba. La pili ni mahali nguzo ya usukani inaposimama. Kokpiti nyingi za mabomba zina nguzo moja katikati ya miguu. Mimi nafunga breki kwa mguu wa kushoto, na nguzo hiyo ingenigonga muundi kila kona. Isitoshe, nguzo moja hujipinda pembeni usukani unapovuta kwa nguvu. Nikakataa mbili kwa sababu hiyo hiyo. Niliyoichukua ina mabomba mawili yanayopanda kutoka kulia na kushoto na kukutana chini ya usukani, katikati pakiwa wazi.

Safari ya kuileta haikuwa na shida: ilifunguliwa vipande vitano, ikaja na basi, na kuifunga nilihitaji spana ya 13 na ufunguo wa pembe sita. Saa mbili hivi.

Nikarudia mtihani wa penseli. Milimita 5. Hatua kubwa, lakini kwa pesa ile nilitaka kuelewa hizo tano zinatoka wapi. Nilimwomba mke wangu akae akanyage breki, mimi nikalala chini na tochi. Mabomba hayakusogea hata kidogo. Kilichokuwa kinapinda ni bamba la pedali, chuma bapa kilichoshikwa kingo mbili tu, katikati hakuna kitu. Akikanyaga, bamba linajikunja kama sinia. Nikalifungua nikampelekea yule mzee. Alichomelea vipande viwili vya engo, yaani chuma cha pembe, kwa nyuma, vikapita bamba lote hadi kwenye bomba kubwa, akanitoza shilingi 1,500. Penseli sasa inachora mstari usiofika milimita moja. Hapa ndipo chuma kilipoishinda alumini kwangu mimi: fundi wa mtaani ameuelewa ugonjwa na kuutibu alasiri moja. Muda wangu kwenye EA Sports WRC ulianza kushuka wiki ileile, na zaidi ya hapo ukawa haupandi na kushuka ovyo.

Sasa kutu. Nyumba yetu iko Shela, usiku bahari tunaisikia. Hewa ya huku hula kila kitu: bawaba, mabati, nyaya za antena. Rangi ya kokpiti ni ile ya unga inayookwa, nzuri na ngumu, lakini kila unapokaza bolti inapasuka kidogo chini ya washa, na chumvi inaingia hapo. Mwezi wa nne niliona vumbi la rangi ya chai likizunguka bolti tatu za mbele. Mwezi wa sita, kusi likivuma, mdomo wa bomba moja ambao kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimeanguka ulikuwa umeshika kutu ndani. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu kutu ya nje unaiona, ya ndani huioni mpaka bomba litoboke.

Nilifungua kila kitu. Sehemu zenye kutu nilizipiga brashi ya waya, kisha msasa, nikapaka praima na rangi ya mafuta mara mbili. Bolti zote za M8 nilizibadilisha nikaweka za stenlesi, nilizozipata kwa watu wanaotengeneza boti, nikazipaka grisi kabla ya kuzikaza. Midomo ya mabomba niliiziba kwa silikoni. Tangu hapo, miezi minane, sijaona kutu mpya kwenye fremu. Kama unanunua kokpiti ya chuma ukiwa Malindi, Lamu au Watamu, ifanyie haya siku unapoifunga, usingoje kama mimi.

Neno moja kuhusu sauti. Bomba tupu hulia. Mota ikitetemeka kwenye barabara ya mawe, fremu nzima inavuma kama ngoma iliyo mbali, na mama mkwe wangu amelala chumba cha pili. Kuna jamaa alinishauri nijaze mchanga ndani ya mabomba. Mchanga hutuliza sauti kweli, lakini mchanga wa ufukweni una chumvi na ungeyala mabomba kutoka ndani. Nilikata godoro kuukuu, nikasukuma sponji ndani kwa ufito kabla ya kuziba midomo, na chini ya miguu ya fremu nikaweka vipande vya tairi. Mvumo umepungua kiasi cha kuniwezesha kuendesha baada ya isha bila kumsumbua mtu, na fremu haitelezi tena.

Kiti ndicho sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote. Ni cha ngozi ya bandia, na mwezi wa Machi mgongo unalowa kabla ya mzunguko wa tatu. Nimetandika leso ya pamba juu yake na feni naielekeza ubavuni. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua cha kitambaa. Reli za kiti nazo zimeanza kukwama, kwa sababu wakati ule wa kupaka rangi sikuzigusa. Mke wangu ni mfupi kuliko mimi kwa sentimita 20 na amenogewa na Fiat ndogo za zamani, kwa hiyo tunasogeza kiti kila siku, tena kwa kukivuta kwa mikono miwili. Jumamosi nazifungua nampelekea mzee. Sasa kokpiti anaijua vizuri, na ameshaniomba aje aijaribu.