Uzoefu wangu: kliniki ya miguu kwa wenye kisukari, Dar es Salaam

Huduma nzuri, foleni mbaya. Nina kisukari aina ya pili, na kliniki ya kawaida nimeshaizoea: unapimwa sukari, unapimwa presha, unaandikiwa vidonge vya sukari vya metformin, unarudi nyumbani. Mguu hauguswi. Hapa, baada ya salamu tu, dada muuguzi aliniambia, "Baba, naomba uvue viatu na soksi. Miguu yote miwili."

Akapekua katikati ya vidole akitafuta fangasi, akageuza visigino kuona nyufa, akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Kisha akanifumbisha macho, akawa ananigusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki kinachopinda kikibanwa kwa uzito wa gramu 10. Ukihisi, unasema ndiyo. Alipofika kidole gumba cha kulia nikakaa kimya. Nilidhani amepumzika.

Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi huua neva za miguu na kuziba mishipa ya damu. Unachomwa na msumari huna habari, na kidonda kikishaingia hakiponi kwa sababu damu haifiki. Wapo walioamka asubuhi wakakuta panya amewatafuna vidole usiku. Nilidhani anatutisha wazee, kumbe madaktari wa Tanzania wameshayaandika hayo kwenye majarida ya kitabibu.

Sugu yangu ya unyayoni ilichongwa kwa kisu safi, sikuumia hata kidogo. Kidonda hupenda kuanzia chini ya sugu, juu huoni kitu. Nyumbani nimekatazwa wembe, dawa za dukani za kuunguza sugu, kukanda miguu kwa maji ya moto, na wale vijana wa mtaani wa kutengeneza kucha. Mafuta nipake, ila si katikati ya vidole. Kandambili nazo amezikataa, na hilo ndilo lililonipa tabu. Mtu wa swala tano atafunga na kufungua kamba za viatu mara ngapi?

Kasoro ninazo. Foleni inakula asubuhi nzima. Viatu maalumu ni ghali, bima yangu haikuvilipia, na hakuna aliyenionyesha "viatu vipana" walivyoniandikia vinafananaje. Nilijitafutia raba soko la Karume, nikaenda jioni kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kiatu cha asubuhi jioni kitakubana.

Kwa kuwa hisia zimepungua, nimepangiwa kurudi kila baada ya miezi 6. Ambaye hisia zake ni nzima na hana tatizo jingine la mguu, mara 1 kwa mwaka inamtosha. Aliyewahi kupata kidonda huitwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3.

Ukienda, wahi asubuhi, na vaa viatu vyako vya kila siku, si vile vya sikukuu. Navyo vinakaguliwa, hadi ndani.