Kiungo cha gololi kwa vichwa vya mashine ya kufunga chupa

Kwa laini ya kufunga chupa inayobadilisha saizi ya vifuniko mara kadhaa kwa siku, kiungo hiki, kinachoshika kichwa cha kukazia vifuniko kwa gololi, kinakishinda mbali kile cha boliti. Hakitaki spana. Zima mashine, funga hewa, vuta kola (pete ya nje inayoteleza) juu. Gololi zinaachia mfereji wa shina na kichwa kinashuka mkononi. Kingine unakisukuma hadi kilie "tak", kisha unakivuta chini na kukitikisa. Kola isiporudi yote, usiwashe.

Udhaifu wake ni uchafu. Sharubati ikikaukia kwenye gololi, springi haifikishi kola mwisho. Kichwa kinaning'inia chini kidogo tu, pengine nusu milimita, na tayari vifuniko vinakaa upande au thredi zinakwaruzika. Wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya kukaza, kumbe kosa ni kimo cha kichwa! Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, paka grisi ya mashine za chakula, kidogo sana, maana ikizidi inanasa vumbi la plastiki.

Pitisha ukucha kwenye mfereji: ukikwama kwenye vishimo vya gololi, badilisha shina. Oringi (pete ya mpira) mpya haitazuia kichwa kucheza.

Kama mnafunga saizi moja mwaka mzima, boliti zinatosha.