Jioni Tatu za Filamu Kibirizi: Uzoefu Wangu wa Tamasha Dogo

Nililipa shilingi 5,000 kwa tiketi ya jioni tatu za tamasha la filamu huru lililofanyika mwaka huu katika kiwanja cha wazi jirani na mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale watakaojiuliza mwakani kama fedha hiyo iishie huko au iishie kwenye migebuka, samaki wa ziwa letu. Kibanda umiza cha mtaani kwetu Mwanga hutoza shilingi 500 kwa filamu moja, tena filamu iliyokwisha kutafsiriwa na mtu anayejua kuchekesha kuliko waigizaji wenyewe. Kwa hiyo kutazama filamu katikati ya umati si jambo geni kwangu. Nilichotaka kujua ni kile ambacho tamasha linacho na kibanda hakina.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni tarehe. Mwaka jana waandaaji waliliweka tamasha katika siku za giza, wakiamini, kama mtu yeyote wa projekta angeamini, kwamba giza ndilo rafiki wa skrini. Walisahau kwamba giza ni rafiki wa mvuvi pia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na mwanga huo hufanya kazi vizuri pale tu mwezi usiposhindana nao. Matokeo yake viti vya mwaka jana vilikaliwa na wanafunzi na watumishi wa ofisini, ilhali watu ambao filamu kadhaa ziliwahusu walikuwa majini, taa zao zikionekana kwa mbali kama mji mwingine. Mwaka huu tamasha lilihamishiwa kwenye mbalamwezi, wakati wavuvi wengi wako nchi kavu wakishona nyavu na kupumzika. Picha ilififia, sitaficha. Jioni ya pili, mwezi ulipochomoza nyuma ya vilima, filamu moja yenye matukio mengi ya usiku iligeuka kuwa mchezo wa redio. Lakini kiwanja kilijaa hadi watu wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, na kama ningeulizwa, ningechagua picha hafifu mbele ya watu hao kuliko picha safi mbele ya viti vitupu.

Sababu ya kusema hivyo ni yaliyotokea jioni hiyohiyo. Ilionyeshwa filamu fupi, ya takriban dakika kumi na tano, iliyotengenezwa na vijana waliotoka Dar es Salaam, ikimhusu kijana anayerithi mtumbwi wa baba yake. Ilikuwa na picha nzuri za ziwa, muziki wa upole, na katikati yake kijana anavuta wavu uliojaa dagaa jua likiwa utosini. Taa zilipowashwa na watazamaji wakakaribishwa kuuliza maswali, mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisimama, akasubiri apewe kipaza sauti, kisha akauliza kwa utulivu: “Wanangu, dagaa huyo wa mchana mmemtoa wapi?” Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Mwongozaji, binti mdogo tu, alimwamkia shikamoo, akakiri kwamba hawakuwa na taa za kutosha kupiga picha usiku, na kwamba walidhani hakuna atakayeona tofauti. Mzee hakumwachia hapo. Alieleza kwa dakika nyingi jinsi taa inavyotangulizwa, jinsi mvuvi anavyosoma maji kabla ya kuinua wavu, na kwa nini baba wa kweli asingemwachia mwanawe mtumbwi bila kumwachia pia deni la mashine. Akina mama wanaoanika dagaa nao wakaingia, wakalalamika kwamba katika filamu nzima hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshika samaki. Mjadala huo ulikuwa mrefu kuliko filamu yenyewe, na binti yule alikuwa akiandika kila neno katika daftari. Kibandani filamu ikikosea tunacheka, basi. Aliyekosea hayupo kutusikia.

Jioni ya tatu ilikuwa na filamu ya Kirundi yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kiha, lugha ya wenyeji wa hapa Kigoma, na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hivyo nusu ya watazamaji walicheka kabla maandishi hayajatokea, na nusu nyingine walicheka baadaye wakiwatazama wenzao kwa wivu. Mimi, ambaye Kiha changu ni cha kuombea maji, nilikuwa katika kundi la pili.

Niliwahi kuhudhuria Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, na kukaa ndani ya Ngome Kongwe usiku ukiwa na upepo wa bahari ni jambo ambalo sitalisahau. Hata hivyo, kwa mtu wa Kigoma huko ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli hadi Dar es Salaam, kisha boti. Majirani zetu wa Rwanda walilitatua tatizo la umbali kwa kulihamisha tamasha lenyewe: lile lililoanza mwaka 2005 likapewa jina la utani la Hillywood kwa sababu ya kuzungusha filamu vilimani kwa skrini ya kujazwa upepo. Mfano unaonigusa zaidi ni tamasha la filamu la FiSahara, ambalo tangu mwaka 2003 limekuwa likifanyika katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi huko Algeria, ambako filamu huonyeshwa kwenye skrini iliyofungwa ubavuni mwa lori na zawadi kuu ni ngamia mweupe. Mkoa wetu una kambi ya Nyarugusu, yenye watu wengi wanaozungumza Kirundi na Kiswahili cha Kongo, lakini ratiba ya tamasha letu haikuwa na onyesho hata moja huko. Filamu ile ya Kirundi ingepata huko watazamaji ambao hawahitaji maandishi.

Kasoro nyingine ni za kawaida, ingawa hazikustahili kuvumiliwa na aliyelipa. Malipo yangu ya simu yalikatwa lakini ujumbe wa tiketi haukufika hadi kesho yake, nikaingia kwa huruma ya mlinzi. Jenereta iliwekwa karibu mno na spika za kushoto. Vyoo vilikuwa viwili. Hotuba za ufunguzi jioni ya kwanza zilichukua karibu saa nzima, kila mgeni akimshukuru aliyemtangulia, watoto wakasinzia kabla hawajaona filamu moja iliyoandaliwa kwa ajili yao.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki imegawanywa sawasawa kati ya jenereta na hotuba. Mwakani nitachukua tena tiketi ya jioni zote tatu. Nitabeba mkeka na koti kwa sababu ya upepo wa ziwani, nitakaa upande wa kulia, na jioni ya kwanza nitafika saa mbili na nusu, wageni rasmi wakiwa wamekwisha kushukuriana.